Vali ya Pistoni na Siri ya Neno Kanieneo



Kuna wenzetu hapa shuleni wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, hadithi na soga za barazani, lakini ukitaka kueleza mtambo ni lazima ukimbilie Kiingereza. Mimi sikubaliani nao asilani. Leo nataka tuuchambue mtambo mmoja kwa Kiswahili kitupu, kisha mwamue wenyewe. Mtambo huo ni vali ya pistoni, ambayo sisi wanachama wa chama cha sayansi tuliiunda tukiongozwa na mwalimu wetu wa Fizikia, kwa ajili ya mzinga wa kurusha viazi kwa nguvu za hewa.

Mzinga wenyewe una sehemu tatu tu. Kuna tangi la hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya baiskeli, kuna mtutu ambamo kiazi hukaa, na katikati yake kuna vali, yaani mlango. Tangi na mtutu si kazi. Kazi iko mlangoni.

Hebu chukua koki ya kawaida kama ile ya bombani. Ukiizungusha, hewa huanza kupenya kidogo kidogo. Kiazi nacho hakingoji koki ifunguke yote. Huanza safari mapema kikisukumwa na upepo hafifu, na koki inapokuja kuwa wazi kabisa, kiazi kimeshatoka mtutuni na kuanguka hapo karibu. Hewa nyingi inabaki kumfukuzia msafiri aliyekwisha kwenda zake! Kwa hivyo tunataka mlango unaofunguka wote kwa mara moja, kufumba na kufumbua.

Hapo ndipo pistoni inapoingia. Pistoni yetu ni kigogo cha mti mgumu kilichochongwa mviringo na fundi wa jua kali, kikabandikwa usoni mpira wa tyubu kuukuu. Inateleza ndani ya bomba lake la chuma. Uso wake unaziba kinywa cha mtutu, na mgongoni pake pana chumba kidogo. Hewa ya pampu huingilia chumbani humo kwanza, ikaisukuma pistoni hadi ikabana kinywa cha mtutu. Halafu hupenya taratibu kwenye upenyo mwembamba ulioizunguka pistoni, ikaenda kulijaza tangi. Mwishowe hewa ya mgongoni na hewa ya tangini huwa sawasawa.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: kama ni sawasawa, mbona pistoni haisukumwi nyuma na hewa ya tangi? Swali zuri. Jibu limo ndani ya neno letu kanieneo. Litazame vizuri: kani na eneo. Neno la Kiingereza tulilozoea darasani halikuambii lolote, lakini hili linakukumbusha kwamba ni kani iliyotandazwa juu ya eneo. Ukitaka kujua kani, zidisha kanieneo kwa eneo. Basi!

Sasa tupige hesabu. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la mgongo la sentimita mraba 19.6. Kinywa cha mtutu chenye kipenyo cha sentimita 4 kinafunika sentimita mraba 12.6 za uso wake. Sehemu hiyo haiguswi na hewa ya tangi, kwa kuwa mtutuni mna hewa ya kawaida tu. Zinabaki sentimita mraba 7 pembezoni. Tukijaza hewa ya kilo 2 kwa kila sentimita mraba (kama pauni 28 kwenye geji ya gurudumu), mgongo unasukumwa kwa kilo 39 na uso kwa kilo 14. Pistoni inabanwa kwa kilo 25. Kumbe anayeufunga mlango ni hewa yenyewe!

Kuufungua ni kuitoa hewa ya chumba cha mgongoni kupitia koki ndogo. Kanieneo ya mgongoni ikishuka chini ya kilo 0.7 hivi, zile kilo 14 za mbele zinashinda. Pistoni ikijongea tu, hewa ya tangi inauvamia uso wote, kilo 14 zinakuwa karibu 39, na pistoni inarushwa nyuma kwa kishindo. Ndiyo maana tuliweka kipande cha ndara kuukuu huko nyuma ili isijivunje. Upenyo wa kuzunguka pistoni nao una adabu yake: ukiwa mpana kuliko tundu la koki ndogo, chumba kinajazwa upya kabla hakijatoka hewa, na mlango haufunguki ng'o.

Msidhani ni mchezo wa watoto tu. Vile vyoo visivyo na tangi, ambavyo unabonyeza mkono maji yakashuka kwa nguvu, hutumia siri hiyo hiyo. William Sloan alianza kuvitengenezea vali za aina hiyo kule Chicago mwaka 1906.

Sasa jamani, hapa naomba tusikilizane. Wengi wakisikia habari hizi hukimbilia mabomba ya plastiki kwa sababu ni rahisi. Msithubutu! Mabomba hayo yametengenezewa maji. Tangi la lita 3 lenye hewa tuliyoitaja hapo juu limehifadhi nishati ya takriban juli 390, sawa na jiwe la kilo 10 likiangushwa kutoka mita 4. Maji ya kiasi hicho hicho na kanieneo hiyo hiyo hayafikishi hata sehemu moja ya kumi ya juli, kwani maji hayashindiliki. Bomba la maji likipasuka utalowa. La hewa likipasuka, vigae vya plastiki vitaruka kama visu, na macho hayana duka.

Kwa sababu hiyo tangi letu ni la chuma, na tulilipima kwanza kwa kulijaza maji hadi kilo 4, mara mbili ya kazi yake. Mzinga haujazwi bila mwalimu kuwapo, hauelekezwi kwa mtu wala mnyama, na hakuna anayechungulia mtutuni hata kama anadhani hewa imekwisha.

Naam, mtambo umeelezwa, hesabu imepigwa na hatari imetajwa, na lugha haikupungukiwa. Aliye na mtambo mwingine aulete toleo lijalo, tuuchambue vivyo hivyo. Kwa hayo machache, nakomea hapa.