Kupima Kerneli ya Linux Kipande kwa Kipande

Jaribio la kipande ni nini?

Ni msimbo mfupi unaochukua fanksheni moja, kuipa thamani zinazojulikana, kisha kulinganisha jibu lake na jibu linalotarajiwa. Kwa programu za kawaida kazi hii ni nyepesi. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ina tabu yake: chini yake hakuna mfumo mwingine wa kuidaka ikianguka, na pointa moja iliyokosewa huweza kuisimamisha kompyuta nzima. Linux ilipata zana yake ya ndani kwa kazi hii, KUnit, katika toleo la 5.5 la Januari 2020.

Je, kselftest haitoshi?

Kselftest huipima kerneli kutoka nje, kwa programu za kawaida zinazotuma maombi na kungoja majibu, kama mteja aliyesimama mbele ya kaunta. KUnit iko stoo. Huziita moja kwa moja fanksheni ambazo mteja hazioni kamwe.

Lazima kompyuta iwashwe upya kila mara?

Hapana. Amri ya `kunit.py run` hukompaili kerneli ya aina ya UML, ambayo huendeshwa kama programu ya kawaida juu ya Linux iliyopo. Ikianguka, imeanguka yenyewe; kazi nyingine za mwandishi haziguswi.

Jaribio la kwanza huandikwaje?

Tuseme ipo fanksheni inayopokea idadi ya baiti na kurudisha idadi ya kurasa za kumbukumbu zinazohitajika, kila ukurasa ukiwa na baiti 4096. Baiti 0 zinahitaji kurasa 0; baiti 1, ukurasa 1; 4096 bado ukurasa 1; 4097, kurasa 2. Kila sharti huandikwa kwa mstari mmoja wa `KUNIT_EXPECT_EQ`. Mistari hiyo hukusanywa katika fanksheni ya jaribio, ambayo huorodheshwa kwa `KUNIT_CASE` ndani ya seti, nayo seti husajiliwa kwa `kunit_test_suite`. Hubaki kuongeza mstari katika Makefile na chaguo katika Kconfig.

Wengi huishia hapo, na ndipo kosa linapojificha. Fanksheni ikiwa inajumlisha 4095 kwanza ndipo igawe kwa 4096, namba kubwa kuliko zote ya biti 64 hufurika na kugeuka 4094. Jibu linakuwa kurasa 0. Majaribio manne ya mwanzo yote yamepita, na la tano, la ukingoni, ndilo lenye thamani kuliko hayo yote.

EXPECT na ASSERT zinatofautianaje?

EXPECT ikishindwa, kosa huandikwa na jaribio huendelea. ASSERT hulikatiza papo hapo. Kwa hiyo kumbukumbu ikiombwa, pointa hukaguliwa kwa ASSERT kabla ya kuguswa. Ikiombwa kwa `kunit_kzalloc`, huachiliwa yenyewe jaribio linapokwisha, hata lililokatizwa njiani.

Fanksheni iliyofichwa kwa `static` hupimwaje?

Alama ya `VISIBLE_IF_KUNIT` huifungua pale tu KUnit inapowashwa. Kuondoa `static` moja kwa moja ni uvivu.

Nini hakifai kupimwa hivi?

Kiendeshi kinachoongea na kadi halisi, au nyuzi mbili zinazogombea kufuli moja: jaribio la kipande litapita leo na kesho bila kugundua kitu. Mantiki ya hesabu na ya kuchambua data ndiyo hufaa, hivyo inalipa kuitenga na sehemu inayogusa vifaa. Kwa msimbo unaotegemea aina ya prosesa, chaguo la `--arch=x86_64` la `kunit.py` huhamishia majaribio kwenye kiigaji cha QEMU.

Je, majaribio haya yanaweza kuendeshwa kwenye seva inayofanya kazi?

Yasiendeshwe. Tangu toleo la 6.0, kerneli iliyoendesha majaribio ya KUnit hujiwekea alama ya doa (taint) ya N, na alama hiyo haifutiki mpaka iwashwe upya.