Programu Inapokatika Ghafla: Uchunguzi wa Kompyuta Kuukuu Huko Karatu

Katika shule ya sekondari ya Karatu au ya vijiji vya Ngorongoro, kompyuta moja kuukuu yaweza kuwa ndiyo hifadhi pekee ya alama za wanafunzi. Programu ikikatika ghafla kila mara, wengi huamua kufuta diski yote na kuanza upya. Kufanya hivyo ni kumzika mgonjwa kabla ya kumpima.

Ichukuliwe kompyuta yenye toleo la zamani la Linux, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Ndani yake imo programu ya majedwali, kama ile ya Jambo OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004.

Nini hutokea?

Kiini cha mfumo huigawia kila programu sehemu yake ya kumbukumbu, mfano wa shamba lenye mipaka. Programu ikigusa anwani isiyo yake, prosesa hutambua na kukiarifu kiini. Kiini huipelekea programu ishara namba 11, nayo hufungwa papo hapo. Katika kioo huonekana maneno ya Kiingereza “Segmentation fault”. Hiyo ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe haujajulikana.

Hatua za uchunguzi

1. Nakala ya alama iwekwe kwanza katika diski nyingine.

2. Programu iendeshwe mara kadhaa kwa faili lile lile, na kila mara iandikwe daftarini ilipokatikia.

3. Ikikatika pale pale daima, kosa aghalabu limo katika programu au katika faili. Ikiwa haianzi kabisa, amri ldd huorodhesha maktaba inazozitegemea. Penye maneno “not found” pana maktaba iliyokosekana.

4. Amri dmesg huonyesha taarifa za kiini. Kumbukumbu ikiwa imekwisha, kiini chenyewe huweza kuiua programu kwa ishara namba 9 na kuandika habari hiyo.

5. Ikikatika mahali tofauti tofauti, mashine ndiyo ya kushukiwa: kumbukumbu mbovu au joto. Programu ya Memtest86+ hupima kumbukumbu.

Vumbi na mwinuko

Mji wa Karatu upo mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro mita 2,300 hivi. Katika mwinuko huo wa pili densiti ya hewa hupungua kwa karibu moja ya tano, hivyo feni ile ile huondoa joto kidogo zaidi. Tena vumbi jekundu la Karatu huziba mapezi ya kupozea. Joto likizidi, kumbukumbu huweza kutoa 1 badala ya 0. Tarakimu moja ya anwani ikigeuka hivyo, programu isiyo na kosa lolote huweza kukatika. Dawa yake huenda ikawa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa umeme.

Kanuni ni ile ya maabara: kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribio lirudiwe.

Zoezi

Programu haikukatika asubuhi yenye baridi, bali mchana ilikatika mara nne, kila mara mahali tofauti. Kipi kichunguzwe kwanza, na kwa sababu gani?