Mwinue, Atembee: Kijitabu cha Kaya Yenye Mgonjwa wa Moyo au Mapafu

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha kila kaya ya mkoa wa Simiyu, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, yenye mtu aliyeambiwa hospitali kwamba moyo wake umechoka au umepanuka, mwenye presha ya muda mrefu, mwenye pumu, au aliyemaliza dawa za TB lakini bado anahema akienda chooni. Mgonjwa akisome. Asiyeona vizuri asomewe. Zaidi ya wote akisome yule anayempikia, anayemfulia na anayemwambia kila asubuhi, "Wewe kaa tu, sisi tupo."

Neno kuu

MGONJWA ALIYEPATA NAFUU ASIKAE KUTWA. MWINUE, ATEMBEE.

Tunachokiona

Mzee anatoka wodini akiwa na nafuu. Kapewa dawa, kapewa tarehe ya kliniki. Nyumbani anapokelewa kwa heshima zote. Kiti kinawekwa chini ya mwembe. Ugali unaletwa hapo hapo, maji ya kunawa yanaletwa hapo hapo, hata fimbo yake ikianguka anaokotewa. Akijaribu kusimama, wajukuu wanapiga kelele: "Babu, usijisumbue!"

Miezi michache baadaye mapaja yamekwisha. Kutoka kitini mpaka ashikwe mikono miwili. Hatua kumi zinamtoa jasho. Ndugu wanasema ugonjwa umezidi. Wengine wanasema kuna mkono wa mtu, na mbuzi anauzwa ili mganga alipwe. Mwishowe mzee anapakiwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na kijana wa kumshikilia, anarudishwa kwetu hospitali.

Tunauliza: Dawa anakunywa? Anakunywa. Chumvi mmepunguza? Tumepunguza. Anatembea? Wote wanashangaa. "Atembee vipi, daktari, na moyo ni mbovu?"

Ndiyo maana tumeandika kijitabu hiki.

Kukaa kutwa kunamaliza mtu

Hata mzima kunammaliza. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana 5 wenye afya, wa miaka 20, kwa wiki 3 tu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kufanya kazi ya nguvu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Walipofanyishwa mazoezi, uwezo ulirudi. Kama wiki 3 ziliwafanya hivyo vijana wa miaka 20, mwaka mzima chini ya mwembe utamfanya nini bibi wa miaka 65?

Zamani hata madaktari waliwalaza wagonjwa wa moyo kwa wiki nyingi na kuwakataza kujigeuza. Waliacha walipoona madhara yake. Leo mazoezi ya kipimo ni sehemu ya matibabu ya moyo na mapafu duniani kote. Jirani zetu wa Kampala, Uganda, waliwachukua watu waliopona TB lakini wakabaki na kifua kibovu, wakawapa mazoezi mara 2 kwa wiki, kwa wiki 6. Walipomaliza walitembea mbali kuliko walivyoanza.

Tusidanganyane. Mazoezi hayafuti kovu la TB wala hayatengenezi mlango wa moyo ulioharibika. Yanaipa miguu na mikono nguvu, ili kazi ileile ifanyike kwa pumzi kidogo. Mtu aliyekuwa anabebwa kwenda kuoga anakwenda mwenyewe. Hilo si dogo.

Kabla ya kuanza

Kapimwe. Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu. Wakimwandikia rufaa, mpelekeni hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bariadi. Kama tayari anahudhuria kliniki Bugando, Mwanza, ulizeni huko huko.

Ulizeni hivi, wala msione haya: "Mgonjwa wetu anaruhusiwa kutembea? Aanze na dakika ngapi? Kuna kitu asifanye?" Kama hospitali ina mtaalamu wa fiziotherapia, ombeni mumwone.

Hawa wasianze mpaka daktari aseme:
- Aliyepata shambulio la moyo au kufanyiwa upasuaji wa moyo au kifua hivi karibuni.
- Mtoto au kijana aliyeambiwa milango ya moyo imeharibika.
- Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, ambaye moyo umechoka.
- Aliyewahi kuzimia akiwa anafanya kazi.
- Aliyeanza dawa za TB na hajaambiwa kwamba haambukizi tena.
- Anayetumia hewa ya mtungi.

Siku ambazo hatembei

Kuna siku kiti ni halali yake. Leo asifanye mazoezi ikiwa:
- Ana homa.
- Anahema akiwa amekaa tu, au usiku ameshindwa kulala chali.
- Miguu imevimba kuliko juzi, viatu vimembana, au uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku 3.
- Kifua kinabana au kinauma.
- Anakohoa damu.
- Presha imefika 180 juu au 110 chini.
- Moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika akiwa amekaa.
- Mguu mmoja tu umevimba na unauma.
- Ametapika au ameharisha.

Akiwa na kuhema, kuvimba, kifua kubana, damu, presha hiyo, moyo kwenda mbio au mguu mmoja kuvimba, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Dalili zikitulia na daktari akiruhusu, arudi kutembea. Familia nyingi zinakosea hapa: anaumwa siku 3, anakalishwa miezi 3.

Kipimo ni mdomo wake

Anayetembea aweze kuongea lakini asiweze kuimba.

Akiweza kuimba wimbo mzima wa kwaya, anakwenda taratibu mno, aongeze kidogo. Akishindwa kumaliza sentensi moja, apunguze au apumzike. Msitegemee kuhesabu mapigo ya moyo peke yake, kwa sababu baadhi ya dawa za presha na moyo huyapunguza.

Kuhema kidogo ni ruhusa. Kuhema kidogo ndiyo kazi yenyewe. Msimkimbilie na kiti.

Ratiba ya wiki 12

Wiki ya 1 na 2: dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni. Akichoka, asimame apumzike, kisha aendelee.

Wiki ya 3 na 4: dakika 8 hadi 10, mara 2 kwa siku.

Wiki ya 5 hadi 8: dakika 15, mara 2 kwa siku.

Wiki ya 9 hadi 12: dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Anaweza kuzigawa mara mbili au tatu.

Baada ya hapo haachi. Hii ni kama dawa ya presha, haina siku ya kuhitimu.

Aliyeshindwa wiki moja airudie. Hakuna mashindano. Mwenda pole hajikwai.

Dakika 2 au 3 za mwanzo na za mwisho aende polepole kabisa. Asianze kwa kasi, asisimame ghafla.

Kama hamna saa, tumieni nguzo za umeme, au chagueni alama: kutoka mlangoni hadi zizini, zizini hadi kwenye minyaa, minyaani hadi kwa jirani. Wiki hii alama moja na kurudi, wiki ijayo mbili.

Atembee saa 12 au saa 1 asubuhi, au jioni jua likishapoa. Jua la Simiyu la saa 7 mchana si la mgonjwa. Asitembee mara tu baada ya kushiba. Upite muda wa saa moja au mbili. Mvua ikinyesha na udongo wa mbuga ukawa utelezi, atembee ndani au barazani. Mvua si sababu ya kukaa.

Mazoezi ya nyumbani, siku 3 kwa wiki

1. Akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Asimame, akae. Mara 5. Apumzike. Mara 5 tena. Akizoea, mara 10. Ajitahidi kusimama bila kushikwa mkono.
2. Ashike ukuta, ainue visigino, ashushe. Mara 10.
3. Ashike chupa za maji za nusu lita, moja kila mkono. Ainue hadi mabegani, ashushe. Mara 10.

Atoe pumzi wakati wa kuinua au kusimama. ASIBANE PUMZI. Kubana pumzi na kukaza tumbo kunapandisha presha ghafla.

Pumzi ikikata njiani

Asimame, aegemee fimbo au ukuta, alegeze mabega. Avute hewa kwa pua akihesabu moja, mbili. Aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, akihesabu moja hadi nne. Arudie mpaka itulie, kisha aendelee.

Afundishwe hili siku anayojisikia vizuri, kabla pumzi haijakata.

Acha mara moja

Akisikia kifua kubana, maumivu yanayokwenda mkono au taya, kizunguzungu, moyo kuruka ovyo, jasho la baridi, au midomo ikabadilika rangi: aache, akae. Mwenye dawa ya kuweka chini ya ulimi aitumie kama alivyoelekezwa. Mwenye pampu ya pumu aivute. Dalili zisipoisha ndani ya dakika chache, hospitali. Msianze na maziwa, msianze na mganga.

Dawa

Kutembea hakuondoi kidonge hata kimoja.

Mambo yanayoharibu kazi yote

- Sigara, kiko na tumbaku ya aina yoyote. Haina kiasi salama.
- Moshi wa mafiga. Mgonjwa wa mapafu asikae jikoni wala msipike kwenye chumba anacholala. Mabua ya pamba yakichomwa, akae upande ambao moshi hauendi.
- Vumbi la pamba inapochambuliwa, na dawa za kupulizia shambani. Mgonjwa wa kifua akae mbali na vyote viwili. Bomba la kupulizia lisiwe mgongoni kwake.
- Chumvi ya mezani, dagaa wa chumvi, samaki wa chumvi.
- Maji: mgonjwa wa moyo aliyepewa kipimo cha maji asikizidishe kwa sababu ametembea. Akiona kiu imezidi, aulize kliniki.
- Kwenda peke yake. Wiki za mwanzo awe na mtu.
- Mwenye pumu kuacha pampu nyumbani. Akiwa ameambiwa avute kabla ya mazoezi, avute dakika 10 hadi 15 kabla.
- Mwenye kisukari kutoka na njaa.

"Lakini analima, si mazoezi hayo?"

Wengine wanaruka upande wa pili. Mvua za kwanza zikidondoka, mtu aliyekaa miezi 6 anashika jembe alfajiri hadi mchana, au anakimbizana na maksai nyuma ya plau. Huyo tunampokea jioni ileile.

Kulima ni kazi nzuri kwa aliyezoea. Mgonjwa aanze na kutembea, wiki baada ya wiki. Kisha daktari akiruhusu, kazi nyepesi: kuchuma pamba kwa mwendo wake asubuhi au jioni, kufagia uwanja uliomwagiwa maji, kupalilia bustani ndogo. Ndoo ya lita 20 kichwani, gunia, kuchimba choo, kusukuma baiskeli yenye mzigo mlimani: hapana. Ngoma ikipigwa acheze, lakini kwa mwendo wake. Bugobogobo ya kurusha jembe awaachie vijana.

Maswali tunayoulizwa

*Ana miaka 75. Si amechelewa?*
Hapana. Aanze na kusimama kitini mara 5.

*Watu watamcheka. Mtu mzima anatembea tu, haendi popote?*
Mpeni pa kwenda. Akasalimie mkwe. Akaangalie ng'ombe wakirudi. Akanunue kiberiti dukani mwenyewe, na msimtume mtoto. Aende kanisani au msikitini kwa miguu kama ni karibu. Hakuna anayemcheka mzee anayekwenda kusalimia.

*Tukimwacha ahangaike, si watasema hatumtunzi?*
Watasema. Waonyesheni kijitabu hiki. Kumtunza mgonjwa ni kumshika mkono akisimama, kutembea naye hatua kwa hatua, kumbebea maji na pampu yake. Kumwekea kila kitu miguuni ni kumnyang'anya miguu.

*Anakataa, anasema amechoka.*
Mara nyingi anachoka kwa sababu anakaa. Anza na dakika 2. Kesho 3.

Tena, kwa mara ya mwisho

Dawa anywe. Kliniki aende. Chumvi apunguze. Moshi aukimbie.
Na ASIKAE KUTWA.

Ukurasa wa kubandika ukutani

Kila kaya ichague mtu mmoja wa kutembea na mgonjwa. Asiwe "sisi sote", kwa maana kazi ya sote haifanywi na yeyote. Awe na jina, na kila siku aweke alama ya vema kwenye karatasi. Mhudumu wa afya wa kijiji akipita, aonyeshwe.

Jina la mgonjwa: ....................
Tuliambiwa aanze na dakika: ..........
Tarehe ya kliniki: ...................
Anayetembea naye: ...................

Mstari huo wa mwisho usibaki wazi. Jazeni leo, na akisharuhusiwa hospitali, mwanze jioni hiyo hiyo jua likipoa.