Kizulu na Kiswahili: ndugu wawili waliokulia mbali



Muhula huu wazazi kadhaa wameniuliza swali moja: mtoto anasoma Kizulu shuleni wiki nzima, kisha Jumamosi anakuja kwenye Kiswahili. Je, hachanganyikiwi? Tumkataze Kizulu nyumbani?

Jibu langu ni kwamba msimkataze. Mtoto anayejua Kizulu anakuja darasani kwetu na nusu ya kazi imeshafanyika. Kinachotakiwa ni kumwonyesha lugha hizi zinafanana wapi, na zinamdanganya wapi. Hilo ndilo somo letu la leo.

Undugu wenyewe

Ujirani peke yake hauzifanyi lugha kuwa ndugu. Wamasai wanaishi jirani na Waswahili, lakini Kimasai hakina undugu na Kiswahili. Kule Asia, Laos na Myanmar zinapakana kwenye mto Mekong, lakini Kilao ni ndugu wa Kithai, na Kiburma kiko katika ukoo mmoja na Kitibeti. Sisi ni kinyume chake: kutoka Zanzibar hadi Durban ni mbali sana, na lugha zetu ni za ukoo mmoja.

Ukoo huo wataalamu wanauita Bantu. Jina lilitokana na neno "abantu", yaani watu. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyefika Natal mwaka 1855 na kusoma Kizulu, ndiye aliyelitia katika elimu ya lugha, na kitabu chake cha kulinganisha lugha hizi kilianza kuchapishwa mwaka 1862. Baadaye Mwingereza Malcolm Guthrie alizipa lugha hizi herufi na namba: Kiswahili ni G42, Kizulu ni S42.

Watoto, angalieni jambo moja. Hapa Afrika Kusini serikali ya ubaguzi ilitumia neno "Bantu" kuwadharau watu weusi, hata kwenye sheria ya elimu ya mwaka 1953. Kwa hiyo tunalitumia kwa lugha tu. Usimwite mtu hivyo.

Maneno ya mwilini na jikoni

Soma kwa sauti, Kizulu kwanza:

umuntu, abantu: mtu, watu
umlomo: mdomo
izinyo, amazinyo: jino, meno
unyawo: unyayo
isifuba: kifua
inyama: nyama
imbuzi: mbuzi
amanzi: maji
amafutha: mafuta
ukupheka: kupika
ukubona: kuona
ulimi: ulimi

La mwisho halikubadilika hata herufi moja, na Wazulu hulitumia pia kwa maana ya lugha.

Mmeziona kanuni? Ziko nne.

1. Kizulu huanza jina kwa irabu, Kiswahili kimeiacha: inyama, nyama.
2. B ya Kizulu kwetu mara nyingi imekuwa W au imepotea: abantu, watu, ukubona, kuona, isifuba, kifua.
3. TH na PH za Kizulu ni T na P zenye pumzi. Kwetu zinaandikwa T na P: amafutha, mafuta.
4. NT kwetu imebaki T: umuntu, mtu.

Mimi ni muuguzi, na kanuni hizi nazitumia wodini. Mgonjwa akisema "ngizwa ubuhlungu esifubeni", anasema anasikia uchungu kifuani. Angalieni: ukuzwa ni kusikia, na Mzulu "husikia" maumivu kama sisi tunavyosikia njaa na baridi. Kifua kikuu kwa Kizulu ni "isifo sofuba", ugonjwa wa kifua. Dawa ni "umuthi", neno hilohilo la mti. Sisi tulichukua "dawa" kutoka Kiarabu, lakini bado tunasema mitishamba.

Sentensi hujengwa kwa vipande vilevile

Hapa ndipo undugu unapoonekana zaidi. Mnapoagana shuleni mnasema "Sizobonana". Tuikate:

si-zo-bon-an-a
tu-ta-on-an-a

Vipande vitano huku, vitano kule, kwa mpangilio uleule: sisi, wakati ujao, kuona, kufanyiana, irabu ya mwisho. Vivyo hivyo "ngiyakuthanda" ni "ninakupenda": ngi-ya-ku-thanda, ni-na-ku-penda.

Upatanisho nao ni mmoja. "Abantwana bethu bayalala" ni "Watoto wetu wanalala". BA inarudi kila neno kama WA yetu. Ukikanusha, mwisho wa kitenzi hugeuka I pande zote mbili: "ababoni", "hawaoni". Kwa mahali, "emanzini" ni "majini". Mtoto aliyezaliwa Johannesburg na kucheza na Wazulu ameshayazoea haya. Anayejua Kiingereza tu huanza upya.

Walipotengana

Kila ndugu alipata majirani wake. Wazulu waliishi karibu na Wakhoi na Wasan, wakapata kwao vidoko, zile sauti za kugonga ulimi zinazoandikwa c, q na x, kama "iqanda", yai. Waswahili walifanya biashara na Waarabu, wakapata maelfu ya maneno.

Hesabu inaonyesha vizuri. Mbili hadi tano ni za ukoo: -bili, -thathu, -ne, -hlanu, -wili, -tatu, -nne, -tano. Kwenye 6 njia zinaachana. Sisi tulichukua "sita" na "saba" kwa Waarabu. Mzulu aliendelea na vidole: 6 ni "isithupha", yaani kidole gumba cha mkono wa pili, na 7 ni "isikhombisa", kidole cha kuonyeshea.

Pia Kizulu kimehifadhi toni, Kiswahili kimeiacha. "Uyahamba" inaweza kuwa "unakwenda" au "anakwenda". Sauti kupanda au kushuka mwanzoni ndiko kunakoamua. Sisi tunatofautisha kwa U na A.

Mitego sita

1. *Si-*. Kwa Kizulu ni sisi: "siyapheka" ni "tunapika". Kwa Kiswahili "sipiki" ni mimi, nakataa.
2. *Ni-*. Kwa Kizulu ni ninyi: "niyapheka" ni "mnapika". Kwetu ni mimi.
3. *Sisi*. Huku ni dada. Kwetu ni mimi na wenzangu.
4. *Mamba*. "Imamba" ni nyoka mwenye sumu kali. Mamba wetu anakaa mtoni na ana miguu minne.
5. *Gogo*. Huku ni bibi. Kwetu ni kipande kikubwa cha mti uliokatwa. Ukimpigia bibi simu Tanga, mwamkie: "Shikamoo, bibi."
6. *Wanyama*. Mzulu husema "imbuzi yethu iyalala". Kwa Kiswahili sanifu mnyama huchukua upatanisho wa mtu: "mbuzi wetu analala". Mtego huu ndio unaowanasa wengi darasani, pamoja na wenzetu wanaotoka Lubumbashi na Goma, kwa kuwa Kiswahili cha kwao nacho husema "mbuzi yetu".

Kwa wazazi

Mtoto akisema "mbuzi yetu", msimwambie Kizulu kimemharibu. Mwambieni: "Kwa Kizulu ni yethu, kwa Kiswahili ni wetu." Sentensi moja inatosha, na lugha zote mbili zinabaki na heshima. Na kama mzazi hujui Kizulu, mwombe mtoto akufundishe maneno matano kila wiki, nawe umpe ndugu zake wa Kiswahili.

Zoezi la nyumbani

Andika kwa Kiswahili:

1. Abantu ababili
2. Siyalima
3. Bayathandana
4. Ngiyakubona
5. Imbuzi yami iyalala

Kisha tafuta maneno matatu ya Kizulu, ambayo hayako katika somo hili, unayodhani ni ndugu wa maneno yetu. Uje nayo Jumamosi, na utuambie ni kanuni ipi iliyokusaidia.

*Majibu: 1. Watu wawili. 2. Tunalima. 3. Wanapendana. 4. Ninakuona. 5. Mbuzi wangu analala.*