Ndigana Kali: Jeni Inayomsaidia Ng'ombe Kustahimili

Ndigana kali, ambayo pia huitwa homa ya Pwani ya Mashariki, inakadiriwa kuua zaidi ya ng'ombe milioni moja kila mwaka katika ukanda huu. Huenezwa na kupe wa kahawia anayependa kujishikiza masikioni. Tezi huvimba chini ya sikio, joto hupanda, kisha mnyama hushindwa kupumua. Friesian na Ayrshire, wanaotegemewa kwa maziwa, ndio hulemewa haraka zaidi.

Hata hivyo, wafugaji wamejua tangu zamani kwamba si kila ng'ombe aliyeumwa na kupe hufa. Mwaka 2022, watafiti wa ILRI, yenye makao yake Nairobi, na Taasisi ya Roslin ya Uskoti walichapisha utafiti kuhusu ukoo mmoja wa ng'ombe aina ya Boran. Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu, na kila jozi ina nusu ya mama na nusu ya baba. Watafiti walilinganisha waliopona na waliokufa, wakitafuta kipande ambacho waliopona hurithi mara nyingi. Kipande hicho kilipatikana katika kromosomu ya 15.

Humo waligundua badiliko moja la jeni. Kati ya ng'ombe 20 waliokuwa na nakala mbili za badiliko hilo, alikufa mmoja tu. Kati ya 97 wasiokuwa nalo kabisa, walikufa 44. Ni tofauti kubwa, ingawa inaonyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya wasiokuwa nalo walipona.

Kwa mfugaji wa maziwa, neno la kushika ni "nakala mbili". Fahali wa Boran mwenye nakala mbili akimpanda Friesian asiye nayo, ndama atapata moja tu. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja moja, kwa wastani ni ndama mmoja kati ya wanne atakayepata mbili. Rangi au nundu haiwezi kuonyesha hayo. Ni kipimo cha maabara pekee. Kwa hiyo anayeuza mtamba sokoni kwa bei ya juu akidai "hashikwi na ndigana" aulizwe matokeo ya kipimo hicho.

Tena, kustahimili si kutoambukizwa. Mnyama aliyepona anaweza kubaki na vimelea mwilini, kupe akavichukua na kuvipeleka kwa ng'ombe wa jirani. Kuogesha au kunyunyizia dawa ya kupe kunaendelea, hata kwa boma lenye chotara wa Boran.

Chanjo nayo ipo. Mnyama hudungwa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, na kwa kawaida dozi moja hutosha maishani. Lazima itolewe na mtaalamu aliyefunzwa. Afisa wa mifugo wa wadi ataeleza inapatikana wapi na ndama wa umri gani wanafaa kuchanjwa.