SIMU ISILALE NA MTOTO

Kijitabu cha mzazi na mlezi. Kisome, kisha uwasomee watoto.

1. Kanuni kuu
Simu isilale na mtoto. Saa tatu usiku ikabidhiwe, ichajiwe chumbani kwa mzazi hadi asubuhi. Simu za wakubwa ambazo mtoto huziazima zifungwe kwa nywila. Kesi za watoto kurubuniwa kingono kwa simu hufanana: salamu mchana, picha za utupu usiku, wazazi wamelala.

2. Mhalifu ni nani?
Mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamjua: ndugu, jirani, rafiki wa familia. Wengine hujifanya watoto kwenye WhatsApp, Facebook au michezo ya simu. Huanza kwa sifa, hutuma vocha, huomba picha, kisha hutisha: "Tuma nyingine, la sivyo hii naisambaza."

3. Wavulana je?
Nao huwindwa. Simu isilale na mtoto wa kike wala wa kiume.

4. Dalili
Mtoto anaficha simu ukikaribia. Ana bando ambalo hukumnunulia. Halali vizuri, hali chakula, hataki shule.

5. Likishatokea
- Usimpige mtoto. Ukimpiga leo, kesho atakuficha. Kosa ni la mkubwa aliyemrubuni.
- Usimlipe mhalifu. Ukilipa, atadai tena.
- Usifute ujumbe. Andika namba, jina la akaunti na tarehe.
- Usimtumie mtu picha ya utupu ya mtoto, hata kwenye kundi la ukoo. Nchini Tanzania, kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.
- Msimalizane kifamilia. Mhalifu akilipa faini kwa wazee, huyo anahamia kwa mtoto mwingine.
- Kama mtoto ameingiliwa, asioge na nguo zisifuliwe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze kabla ya saa 72 kupita.

6. Leo usiku
Usingoje dalili. Ichukue simu leo, kesho, na kila siku. Mtoto akinuna, mwache anune. Simu isilale naye. Mwambie: "Likikupata lolote, niambie. Sitakupiga."

7. Pa kwenda
Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, au Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini. Nenda siku hiyo hiyo, ukiwa na simu yenye ujumbe.