Samaki wa Maziwa Makuu katika Tangi la Kioo: Nani Akae na Nani?

Mtu aingiapo katika duka la samaki wa mapambo, jambo la kwanza limvutialo ni rangi. Huona mmoja wa manjano kama embe bivu, wa pili wa buluu mwenye milia myeusi, wa tatu mwekundu mgongoni. Huchagua wawili wa huku na wawili wa kule, akawachukua nyumbani katika mifuko ya maji, na jioni hiyo jamaa wote wa nyumba huketi mbele ya kioo wakistaajabu. Baada ya wiki mbili, kati ya samaki kumi wamebaki wanne: mmoja amelitawala tangi zima, na watatu wamejibana juu pembeni, mapezi yao yameraruka. Mwenyewe hudhani kwamba maradhi yameingia. Mara nyingi si maradhi. Wale samaki hawakufaa kukaa pamoja tangu mwanzo.

Samaki hao ni wa ukoo mmoja na sato na perege, ukoo ambao wataalamu wa elimu ya viumbe huuita sikilidi. Wamejaa sana katika maziwa matatu ya upande huu wa Afrika. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 240, Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zipatazo 500, na Ziwa Nyasa lina zaidi ya 800. Na karibu aina zote hizo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kila aina ina makao yake na chakula chake. Yuko akwanguaye ukoga wa mawe, yuko achimbuaye wadudu mchangani, na yuko alaye watoto wa wenziwe. Dume hushika kipande chake cha ardhi na kukilinda kwa ukali. Ziwani, aliyeshindwa hukimbia mita chache, naye amesalimika. Katika tangi lenye urefu wa mita moja, aliyeshindwa hana pa kwenda, na mshindi huendelea kumpiga mpaka afe.

Maji yenyewe si jambo gumu. Maziwa hayo yote yana maji yenye magadi kidogo: katika kipimo kiitwacho pH, ambacho 7 ni katikati, maji ya Tanganyika hufika karibu na 9, ya Nyasa hupita 8 kidogo, na ya Viktoria hubadilika zaidi. Mawe ya chokaa yakiwekwa tangini husaidia kuyashikilia maji katika hali hiyo, na joto la digrii 25 au 26 lawafaa wote. Basi kwa upande wa maji tu, samaki wa ziwa moja wangeweza kuvumilia maji ya ziwa jingine. Kinachowatenga ni chakula na tabia.

Wapendwao kuliko wote ni mbuna wa Ziwa Nyasa, wakaao kwenye miamba. Wengi wao hula ukoga wa kijani pamoja na vidudu vilivyomo ndani yake, na kwa hiyo matumbo yao ni marefu. Mbuna wa namna hiyo akilishwa moyo wa ng'ombe au chakula kingine chenye mafuta mengi, tumbo huvimba, huacha kula, na kwa kawaida hufa baada ya siku chache. Hapo ndipo ugumu wa kuwachanganya uanzapo. Mfugaji akiweka mbuna pamoja na samaki walao nyama, hapana budi mmoja wa pande hizo mbili ale asichokizoea. Wala haiwezekani kuwatengea chakula, maana chakula kikiangushwa majini, wa kwanza kukifikia daima ni mbuna.

Ziwa hilo hilo lina samaki wapole waitwao Aulonocara, madume yao wakiwa na rangi nzuri sana. Hawa huwinda vidudu vilivyofichika mchangani kwa kuvihisi kwa vitundu vilivyo kichwani, nao huenda polepole juu ya mchanga. Wauzaji wengi huwauza pamoja na mbuna, kwa kuwa wametoka ziwa moja. Si shauri jema. Aulonocara kati ya mbuna hupoteza rangi kwa hofu na hukosa chakula. Mwenye kutaka kuwaweka pamoja naye ajizuie kwa mbuna mpole kama Labidochromis caeruleus, yule wa manjano, ambaye ziwani hutafuta sana vidudu na kwa hiyo chakula cha Aulonocara hakimdhuru. Lakini Melanochromis auratus, mwenye milia mirefu na urefu usiofika hata shubiri, ni mkorofi kupita kiasi. Asiyelijua jambo hili humnunua kwa uzuri wake na hujuta.

Baina ya mbuna wenyewe, dume huwachukia zaidi wale wanaofanana naye, kwa sababu huwadhani kuwa washindani wake kwa majike. Kwa hiyo mfugaji asiweke aina mbili zenye milia ya buluu na nyeusi. Achague mmoja wa milia, mmoja wa manjano, mmoja wa rangi moja tupu. Kila dume apewe majike watatu au zaidi, ili asimchoshe mmoja peke yake. Tena, kinyume cha mtu atakavyodhani, mbuna wachache katika tangi huuana upesi kuliko wengi. Wakiwa ishirini katika tangi la lita 300 lenye mawe mengi, ukali wa dume hutawanyika, wala hapati nafasi ya kumwandama mmoja. Wingi huo wataka chujio lenye nguvu na kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Asiyeweza kazi hiyo asianze na mbuna.

Wako pia wawindaji ambao ukubwa wao haujulikani dukani. Kaligono, ambaye jina lake la kitaalamu ni Nimbochromis livingstonii, hulala ubavu chini ya maji kama mzoga, na samaki wadogo wakija kumdonoa, huwameza. Kijana wake huonekana hana hatari. Akikomaa hufika sentimita 25, na samaki wote watoshao kinywani mwake huwa chakula.

Ziwa Tanganyika lina nafasi nzuri zaidi kwa mwenye tangi dogo. Neolamprologus multifasciatus, asiyezidi sentimita 5, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na jamaa zake wote watosheka na kipande cha mchanga kisichozidi ukubwa wa sinia. Juu yao waweza kuishi Cyprichromis, waogeleao kwa makundi karibu na uso wa maji na wasiojali mambo ya chini. Namna hii kila mmoja hukaa katika orofa yake, na vita hupungua. Tropheus, kwa upande mwingine, ni wala ukoga kama mbuna, hupata uvimbe kwa wepesi zaidi, na wafaa kuwekwa kundi la kumi na wawili au zaidi, pasipo wala nyama. Kuhe, mmoja wa wakubwa kabisa wa ukoo huu, hafai kabisa kwa tangi la nyumbani.

Mwenzi wa sikilidi ambaye si sikilidi ni gogogo. Miiba yake humlinda, hutoka usiku, wala hashindani na yeyote kwa ardhi. Mfugaji atakaye watoto wa samaki wake, hata hivyo, na ajihadhari na gogogo wa madoadoa wa Tanganyika, Synodontis multipunctatus. Sikilidi wengi huatamia mayai kinywani. Jike atagapo, gogogo huyu hujipenyeza na kuangusha yake katikati. Mama huyaokota yote, na watoto wa gogogo huanguliwa kwanza na kuwala wa mwenye kinywa.

Kwa watu wa Nyanza, samaki wa nyumbani hasa ni furu wa Ziwa Viktoria, ambao Waluo huwaita fulu. Sangara, anayeitwa mbuta, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zilitoweka. Baadhi ya zile zisizoonekana tena ziwani zimehifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Kwa hizo, kuchagua vibaya mwenzi wa tangi kwaweza kuwa mwisho wa aina nzima.

Sababu ni hii. Majike wa furu hufanana sana, nao hutambua dume wa aina yao kwa rangi. Jike wa Pundamilia nyererei, samaki aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, hufuata dume mwekundu. Jike wa Pundamilia pundamilia hufuata wa buluu. Wataalamu walipowaweka chini ya taa isiyoonyesha tofauti ya rangi hizo, majike hawakuweza tena kuchagua. Hivyo ndivyo ilivyotokea ziwani pia, maji yalipochafuka. Katika tangi, jike asiye na dume wa aina yake hukubali aliyepo, na watoto huzaliwa wa mchanganyiko. Kwa hiyo furu wa aina moja tu wakae katika tangi moja, chini ya taa nyeupe, pamoja na gogogo mdogo wa ziwa lile lile.

Mgeni akiletwa tangini, mawe yapangwe upya kabla hajaingizwa, ili wenyeji nao waanze kutafuta makao. Chombo cha pili kidogo kiwe tayari kwa ajili ya aliyejeruhiwa. Watoto wa mchanganyiko wasiuzwe kwa jina la mzazi mmojawapo. Na hata wakizidi, wasimwagwe mtoni wala ziwani.